Huruma Lazima Iwe na Ratiba

Hotuba kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu na wazazi wao, Tanga. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wageni waalikwa, na nyinyi wanangu mliovaa sare mpya, habari za mchana.

Nianze na swali, na naomba majibu ya kweli maana humu ndani tuko wenyewe. Nani ametafuna tambuu mwaka huu? Nyoosheni mikono. Mama pale nyuma, mbona unanyoosha nusu? Ilikuwa harusini? Ya harusini nayo inahesabika. Haya, na nani anaweka ugoro au kuberi chini ya mdomo? Naona mikono yote imeingia mifukoni. Sawa, simlazimishi mtu mbele ya wakwe zake.

Nimeombwa nieleze nilichojifunza India, nilikokwenda kusomea upasuaji wa kichwa na shingo. India wengi wetu tunaijua kwa barua ya rufaa. Ukoo unachanga, mgonjwa anapanda ndege na ndugu mmoja wa kumsindikiza, wanashukia Chennai au Mumbai, na wakirudi wana faili nene na picha walizopiga mbele ya hospitali ya vioo. Mimi sikuja kusifu vioo. India hiyohiyo ina mamilioni ya watu ambao hawajawahi kukanyaga humo, na kwao ndiko nilikosoma zaidi.

Nina jambo moja tu la kusema. Huruma ya hospitali haikai moyoni peke yake. Inakaa kwenye bei ya dawa. Inakaa kwenye ratiba ya kliniki. Inakaa kwenye sheria, kwenye dozi, kwenye kitu kidogo kilichofungwa kando ya kitanda. Nyote hapa mna mioyo mizuri, sina shaka. Lakini moyo mzuri usio na ratiba huchoka saa nne asubuhi, foleni ikiwa bado inafika getini. Mnabisha? Subirini mwezi wenu wa kwanza wa kazi.

Na kwa nini kichwa na shingo? Kwa sababu ugonjwa wa huko humnyang'anya mtu vile vitu ambavyo watu humtambua navyo. Kovu la tumbo hufunikwa na shati. Mguu wa bandia huvishwa suruali na kiatu. Uso utaufunika na nini, na mpaka lini? Na mtu akiondolewa ulimi, au zoloto linalotoa sauti, amenyang'anywa salamu. Amenyang'anywa kupokea simu, kumkemea mtoto, kusoma dua kwa sauti, kuketi na wenzake kwenye sinia moja bila chakula kumtoka pembeni mwa mdomo. Ukimtoa uvimbe na kumwacha hivyo, umemrudishia uhai ukamfungia nje ya baraza.

Basi niwape visa.

Cha kwanza ni cha pua. Mwaka 1792, Waingereza walipokuwa vitani na Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, kusini mwa India, kulikuwa na mtu aitwaye Cowasjee aliyeendesha maksai wa kubebea mizigo ya jeshi la Waingereza. Akatekwa. Wakamkata pua na mkono mmoja, wakamwachia aende zake. Fikirini adhabu hiyo ilikusudia nini. Hawakutaka afe, walitaka atembee na aibu usoni, kila soko, kila msiba, kila harusi. Alikaa hivyo karibu mwaka mzima. Kisha, karibu na Pune, fundi mmoja wa tabaka la wafyatua matofali akamtengenezea pua nyingine. Alifinyanga nta ikaenea mahali pa pua, akaibandua, akaitandaza juu ya paji la uso, akachora mstari kuizunguka. Akaikata ngozi ile kwa kufuata mstari, lakini akaacha kipande chembamba katikati ya nyusi kiendelee kupitisha damu. Halafu akaizungusha, akaiteremsha, akaishikiza mahali pake.

Waganga wa jeshi la Waingereza walikuwapo wakitazama. Oktoba 1794 habari hiyo ikachapishwa London, pamoja na picha ya Cowasjee mwenyewe. Miaka ishirini baadaye, 1814, daktari mpasuaji Joseph Carpue akaifanya London, na Ulaya nzima ikaona imepata elimu mpya. Mpya kwao. Maandiko ya kale ya Kisanskriti yanayohusishwa na tabibu Sushruta yalikuwa yameshaeleza namna ya kujenga pua kwa ngozi ya shavu, karne nyingi kabla ya London kuwa na hospitali yoyote. Na ngozi ile ya paji la uso tunaitumia mpaka leo. Mimi mwenyewe naitumia.

Lakini sikuwasimulia hili kwa ajili ya ufundi. Swali langu ni hili: Cowasjee alikuwa anaumwa nini? Hakuwa na homa. Hakuwa na uvimbe. Asingekufa kwa kukosa pua. Katika fomu zetu za leo za kupanga nani aanze kwenda chumba cha upasuaji, Cowasjee angewekwa mwisho kabisa, na kila wiki angesukumwa tena. Yule mfyatua matofali aliamua kwamba aibu ya uso ni ugonjwa unaostahili kutibiwa. Uamuzi ule ndio ninaotaka mwondoke nao, zaidi ya kisu chake.

Sasa tuingie mdomoni, na hapa nitakaa.

Saratani ya mdomo ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa India. Wagonjwa wapya, wanaume kwa wanawake, ni zaidi ya 130,000 kila mwaka. Ulaya ukisema saratani ya mdomo daktari anafikiria kwanza ulimi. India anafikiria shavu na ufizi wa chini, kwa sababu hapo ndipo watu wanapohifadhi kile wanachotafuna. Wanatafuna nini? Popoo, chokaa, katu, tumbaku. Mbona mmenyamaza? Mnavijua vyote. Ni tambuu yetu hiyohiyo iliyovuka bahari na wafanyabiashara wa zamani, isipokuwa India viwanda viliichukua, vikaikausha, vikaitia manukato na kuifunga kwenye vipakiti vya bei ya peremende. Wanaiita gutka. Kijana anaweza kumaliza vipakiti kumi kabla ya jua kutua, na mama yake asijue, maana haina moshi.

Mtu mmoja ataniambia, "Daktari, mimi situmii tumbaku, natafuna popoo tupu." Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikwishaitia popoo peke yake katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ilikuwa mwaka 2004. Popoo tupu pia hufanya jambo jingine: hukaza nyama ya ndani ya mashavu. Nyama inakuwa nyeupe, ngumu, na mdomo unaanza kugoma kufunguka. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuingiza vidole vyake vitatu, vimesimama kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya juu na ya chini. Jaribuni sasa hivi. Msione haya, hata mgeni rasmi ajaribu. Nimewaona vijana ambao hata kidole kimoja hakiingii. Wanakula uji kwa mrija. Wana miaka ishirini na kitu.

Mwaka 2014 serikali ya India ilirusha tangazo la televisheni lenye sura ya mwanamke kijana wa jimbo la Madhya Pradesh. Mama wa watoto, mtumiaji wa tumbaku ya kutafuna, aliyekatwa sehemu ya uso. Akakubali uso ule uonwe na nchi nzima. Hebu mfikirie: wengine wote wanajifunika, yeye anasogea karibu na kamera. Mwaka uliofuata, mbunge mmoja aliposema hakuna utafiti wa Kihindi unaothibitisha kwamba tumbaku huleta saratani, yule dada alimwandikia barua waziri mkuu. Aprili 2015 akafariki, hajatimiza miaka thelathini. Aprili 2016 picha za onyo zikapanuliwa zikachukua asilimia 85 ya pakiti za tumbaku. Sisemi ni yeye peke yake aliyefanya hivyo. Madaktari wapasuaji wa Mumbai walikuwa wameshaanza kuwapeleka wagonjwa wao mbele ya mawaziri, wasimame na nyuso zao, waseme wenyewe kama bado wana ulimi wa kusemea.

Gutka yenyewe ilianza kupigwa marufuku mwaka 2012, Madhya Pradesh ikitangulia, na majimbo mengi yakafuata. Mnadhani wenye viwanda walifunga milango? Wakauza vipakiti viwili badala ya kimoja: kimoja popoo na masala, kingine tumbaku. Mteja anachanganya mwenyewe kiganjani. Ndivyo sheria inavyochekwa.

Kwa hiyo, tukisubiri sheria, tutafanya nini? Hapo ndipo ninapowapeleka jimbo la Kerala.

Kuanzia mwaka 1996, wilayani Thiruvananthapuram, watafiti waligawa kata 13 makundi mawili. Kundi moja liliendelea kama kawaida. Kwa jingine, watu waliofunzwa kazi hiyo, ambao hawakuwa madaktari, walipita nyumba kwa nyumba na kuwaangalia watu wazima ndani ya midomo. Kwa macho. Kwa mwanga wa jua na tochi. Jumla ya watu waliohusishwa ilikaribia 192,000. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2005, vifo vya saratani ya mdomo miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe waliokuwa katika eneo la tochi vilikuwa pungufu kwa asilimia 34.

Narudia, kwa ajili ya wale wanaoniambia kila siku kwamba hatuna vifaa. Tochi. Tochi na mtu aliyefunzwa. Tochi na mtu aliyefunzwa na siku maalumu ya kupita. Hakuna mashine hapo ya kusubiri mfadhili. Muuguzi wa zahanati ya Pangani anaweza kuifanya kazi hiyo Jumatatu.

Na mnajua kwa nini mgonjwa huchelewa? Siyo ujinga. Kidonda cha mwanzo mdomoni hakiumi. Kikianza kuuma, mwenyewe tayari ananuka mdomo, na akishanuka anaacha kusogea karibu na watu, pamoja na daktari. Anayemtazama mdomoni kabla hajaumwa amemwokolea taya, na amemwokolea ndoa.

Twende Mumbai. Lady Meherbai Tata, mke wa mwenye viwanda Dorabji Tata, alifariki mwaka 1931 kwa saratani ya damu, akiwa Uingereza kwa matibabu, maana kwao India hapakuwa na pa kutibiwa ugonjwa ule. Fedha za mfuko wa mumewe zikaja kujenga hospitali ya Tata Memorial mtaani Parel, iliyofunguliwa tarehe 28 Februari 1941. Leo ni ya serikali. Kwa namna ya ajabu kidogo, tangu 1962 iko chini ya idara ya nishati ya atomiki, si wizara ya afya, na wenyewe wanasema hawajutii. Wagonjwa wanatoka Bihar, Uttar Pradesh, Assam, safari za treni za siku mbili. Ukipita nje utawaona wamelala kando ya barabara, familia nzima, mgonjwa na mrija wa kulishia umetokeza puani. Vyumba vya bei nafuu na nyumba za wasafiri za mashirika ya dini, wanazoziita dharamshala, husaidia wengi, lakini hazitoshi.

Sasa swali la kitaalamu. Mgonjwa ana uvimbe mdogo kwenye ulimi. Ukipapasa shingo, tezi hazijavimba. Unaziondoa palepale pamoja na uvimbe, au unamwambia arudi kila baada ya muda umwangalie? Duniani waliligombania hilo kwa miongo mingi. "Kusubiri na kutazama" ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye gari na kalenda ukutani. Kwa mkulima wa Bihar, nauli ya kurudi ni mbuzi mmoja. Madaktari wa Tata, wakiongozwa na Anil D'Cruz, wakaifanyia utafiti wa kweli, wakatoa matokeo mwaka 2015: waliotolewa tezi mapema, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, waliosubiri, asilimia 67.5. Hospitali ya watu wanaolala barabarani ikaifundisha dunia nzima.

Hawakuishia hapo. Mwaka 2020, kwa wagonjwa ambao saratani yao ya kichwa na shingo ilikuwa imeshavuka hatua ya kuponywa, walilinganisha dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, na vidonge viwili vya bei rahisi, methotreksati na selekoksibu, vinavyomezwa nyumbani. Wa vidonge waliishi muda mrefu kidogo zaidi, na madhara makali yakawa machache. Halafu ikaja dawa mpya ya kuamsha kinga ya mwili, nivolumabu, ambayo bei yake inamtoa mtu jasho hata akiwa Ulaya. Wakajiuliza jambo ambalo kampuni ya dawa haina sababu ya kujiuliza: je, ikitolewa kidogo? Wakatoa miligramu 20 kila wiki tatu, chini ya sehemu ya kumi ya dozi ya kawaida, pamoja na vidonge. Waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 43.4, wasioipata, asilimia 16.3.

Wanangu wa utabibu, mmefundishwa kwamba huruma ni kumshika mgonjwa mkono. Mshikeni, tafadhali. Lakini huruma nyingine ni ya kukaa usiku na karatasi za mahesabu ukitafuta dozi ambayo mjane anaweza kuinunua, kisha kuithibitisha kwa utafiti, ili asiyeweza kulipa asipewe dawa ya kubahatisha. Hiyo haina picha ya kuweka mtandaoni, na imewaongezea watu miezi ya kukaa na watoto wao.

Nifike kwenye sauti.

Zoloto likiondolewa kwa sababu ya saratani, mgonjwa anapumua kwa tundu la shingoni maisha yake yote, na pumzi haipiti tena mdomoni. Anaamka kutoka usingizini hana sauti. Katika hospitali ya kusini nilikofanyia mafunzo kulikuwa na sista mmoja mtu mzima, mkali, ambaye madaktari wadogo tulimwogopa kuliko profesa. Kazi yake na wagonjwa hawa ilianza siku moja kabla ya upasuaji. Anakaa na mgonjwa na mkewe, wanapatana ishara: maji, maumivu, nigeuzwe, nimebanwa na makohozi, mwite mke wangu. Anayejua kusoma anapewa kibao cha kuandikia. Asiyejua anapewa karatasi ya picha, na sista anamjaribu mpaka azijue. Kisha anafunga kengele ndogo kwenye chuma cha kitanda, ya shaba, zile za kuuzwa nje ya hekalu.

Nikamuuliza kengele ya nini. Akanitazama kama mtu aliyeuliza maji ni ya nini. Akasema, "Makohozi yakimziba usiku, atakuita vipi?"

Nyinyi mnaoanza zamu za usiku, hebu nijibuni. Mgonjwa asiye na sauti, kitanda cha mwisho wodini, saa nane za usiku, atakuitaje? Wodi nyingi tulizo nazo hazina kitufe cha kubonyeza, na pale kilipo, hakifanyi kazi. Kengele inauzwa Barabara ya Kumi na Mbili.

Baada ya kupona, ipo njia ya kurudisha sauti. Valvu ndogo huwekwa kwenye ukuta kati ya njia ya hewa na njia ya chakula. Mgonjwa anaziba tundu la shingo kwa kidole, pumzi inapita kwenye valvu, kuta za njia ya chakula zinatikisika, na anasema. Sauti ni nzito, ya kukwaruza, lakini ni yake. Wamarekani Eric Blom na Mark Singer ndio walioileta mwishoni mwa miaka ya 1970. Tatizo lake ni kwamba inachakaa, inashikwa na fangasi, inabidi ibadilishwe tena na tena, na ile ya kuagizwa nje iliuzwa India kwa maelfu ya rupia, kumi na tano na kuendelea. Mtu anapewa sauti, baada ya muda inavuja, hana pesa ya nyingine, anarudi kwenye ukimya. Huo ukimya wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza.

Pale Bangalore, daktari mpasuaji Vishal Rao alikutana na mgonjwa wa namna hiyo. Akatafutana na rafiki yake, Shashank Mahesh, mtu wa viwanda asiyekuwa daktari, wakatengeneza valvu yao wenyewe. Wakaiita Aum. Bei yake: rupia 50. Wakati ule ilikuwa pungufu ya dola moja ya Marekani. Elfu kumi na tano kwa hamsini! Mnanielewa ninaposema huruma ina bei?

Kisa cha mwisho ni cha maumivu, na hiki kinaniuma mwenyewe.

India ni miongoni mwa nchi chache zinazolima afyuni kihalali kwa ajili ya dawa. Mashamba yake yamesaidia kuwatuliza maumivu wagonjwa wa nchi tajiri. Na wagonjwa wa India wenyewe? Mwaka 1985 ilipitishwa sheria kali ya dawa za kulevya, leseni juu ya leseni, kosa la karatasi moja likawa kosa la jinai. Wenye maduka ya dawa wakaogopa, hospitali zikaacha kuweka mofini, dawa ya maumivu inayotokana na afyuni. Kufikia 1997 mofini yote iliyotumika India kwa mwaka ilikuwa imeshuka hadi kilo 18. Nchi yenye watu wakati ule zaidi ya milioni 900. Saratani ya taya inavyouma mnaijua? Inauma sikioni, inauma kwenye meno ambayo hayapo tena, inauma mgonjwa akimeza mate yake mwenyewe.

Huko Calicut, Kerala, mwaka 1993, daktari wa usingizi M. R. Rajagopal na mwenzake Suresh Kumar walianza kliniki ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi. Kilichofuata ndicho nilichokipenda: majirani waliingia kazini. Walimu, madereva wa riksho, wanafunzi, akina mama wa mtaani walifunzwa kusafisha vidonda, kugeuza mgonjwa, kuchangisha senti za kila wiki, na kupita nyumba kwa nyumba kwa siku zinazojulikana, wakifuatana na muuguzi. Mwaka 2008 serikali ya Kerala ikatunga sera ya tiba shufaa. Rajagopal na wenzake wakaendelea kuibishia ile sheria ya 1985 mpaka bunge la India likairekebisha mwaka 2014, baada ya karibu miongo miwili ya barua, vikao na kesi. Hata huruma ya mawakili ni huruma.

Na msidhani ni mambo ya mbali. Mwaka uleule wa 1993, Kampala, daktari Anne Merriman alianzisha Uganda huduma ya hospisi, ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, kwa mofini ya maji inayochanganywa kwa gharama ndogo na kumezwa nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Wauguzi! Hapa kwetu bado kuna mahali muuguzi anamjua mgonjwa kwa miezi, anajua maumivu yake yanaanza saa ngapi, na anamsubiri daktari aliye safarini mpaka Alhamisi.

Kidonda kikioza, harufu ndiyo inayowafukuza jamaa kabla ya kifo. Niliona wakisaga vidonge vya metronidazoli na kuvinyunyiza kwenye kidonda. Ndiyo hivyohivyo vya kuharisha mnavyovijua, vimejaa kabati zetu. Kwa siku chache harufu inapungua, na mjukuu anarudi kukaa kitandani kwa babu. Andikeni hilo, linaulizwa kazini zaidi kuliko linavyoulizwa kwenye mtihani.

Niwaeleze basi tunachofanya kuanzia hapa. Kidonda cha mdomoni kilichopita wiki mbili bila kupona, rufaa. Utando mweupe au mwekundu usiofutika, rufaa. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu, rufaa. Uvimbe wa shingo kwa mtu mzima usioondoka, rufaa, na tafadhali msiukate kipande huko zahanati kabla hajaangaliwa koo. Na kila rufaa iandikwe siku ya miadi na jina la atakayempokea, kwa sababu rufaa isiyo na siku ni kumfukuza mtu kwa adabu.

Mezani pale kuna tochi, glavu na vijiti vya mbao. Jigaweni wawili wawili. Vidole vitatu kwanza, halafu shavu la kulia, la kushoto, ufizi wa chini mpaka gego la mwisho, ulimi pembeni, chini ya ulimi, kaakaa. Kisha simama nyuma ya mwenzako upapase shingo kwa mikono miwili. Wazazi nanyi mnakaribishwa, foleni yenu iko dirishani penye mwanga. Maswali nitayapokea tukiendelea na kazi. Nyinyi wawili mnaocheka, anzeni.